Cheti cha Kupona

Siku hizi kijana mwenye sonona hupewa vikao vinane na mashine ya ushauri, na baada ya kikao cha nane sheria humhesabu kuwa amepona. Ndiyo maana Afisa Kinyogoli alikuwa amejitandaza kwenye kochi la Mwajabu, mama yake Salha, amepakata cheti cha binti huyo kama mtu aliyeleta posa.

"Asilimia tisini na sita, mama. Tiba imefaulu."

"Imemfaulia nani? Mwanangu ana siku tatu hajatia kitu tumboni. Hiyo asilimia yako ataila na mchuzi gani?"

Afisa akatabasamu, tabasamu la mtu anayelipwa ili asisikie. "Mzazi anayekataa kwamba mwanawe amepona, naye huandikiwa vikao. Weka kidole hapa."

Mwajabu alimtazama kama anavyotazama dagaa waliovunda sokoni, akakunja mikono.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Salha akatoka, amekonda kama ufito, akamwonyesha afisa meno yote. Kisha akamwinamia mama yake sikioni.

"Mkubalie tu, mama," akanong'ona. "Hata mimi ile mashine niliikubalia kila kitu, ndipo ikaniacha."