Kibao cha Bi Salha

Siku hizi mgeni husoma kibao cha mlangoni kwanza, ndipo apige hodi. Kila nyumba ina chake, kinanusa hewa na kuonyesha ni wangapi kati ya mia watapata saratani wakiishi hapo. Cha Bi Salha kilisoma thelathini na moja, na mashoga zake sasa hunywa chai yake barabarani, wamesimama.

Asubuhi moja Shekalaghe, mlinzi wa kiwanda cha kuyeyushia betri, alimwona Bi Salha akija na kibao chake mkononi. Kila baada ya nyumba kadhaa alisimama, akasoma namba na kuiandika ukutani kwa chaki. Kadiri alivyokaribia kiwanda, namba zilipanda. Mwanamke wa shoka, aliwaza Shekalaghe.

"Shikamoo, mama. Kiwandani vibao haviwekwi. Sheria ni ya nyumba tu."

"Marahaba. Siweki, mwanangu. Napima."

Alitakiwa kumfukuza, akamsogezea kiti chake apandie. Bi Salha akakiinua kibao getini. Hamsini. Themanini. Tisini na tisa. Kikagota hapo, maana kina nafasi ya tarakimu mbili tu. Akaiandika getini, kubwa kama bango, akashuka, akashukuru.

Shekalaghe alitamani kumpigia makofi. Kisha akakitazama kile kiti, alichokikalia miaka kumi na tisa, akabaki amesimama.