Ekzosi ya Hemedi

"Ing'oe," Mwanakheri alimwambia fundi Kitwana, akiipiga teke ekzosi, lile bomba la moshi, iliyokuja na ile pikipiki kubwa ya safari tangu kiwandani. "Nifungie hiyo inayopasua masikio."

"Shemeji, mumeo hakuniagiza hivyo. Na hii itaamsha hata wagonjwa."

"Iwaamshe! Miezi minane Hemedi ananiaga kwamba anakwenda shamba, na pikipiki inanyata kama paka mwizi. Mji mzima unajua anakoishia, ila nikifika mimi bombani, watu wanaanza kuzungumzia vitunguu. Basi leo itasema yenyewe."

Kitwana alijikuna kisogo, kisha akashika spana.

Hemedi alipokuja kuichukua na kuiwasha, kuku walitawanyika. Alicheka mpaka magego yakaonekana. "Mke wangu, zawadi gani hii!"

"Mwanamume kama wewe lazima usikike," alisema Mwanakheri, meno yameumana. "Haya, nenda shamba salama."

Alipoondoka, karakana nzima ilitega sikio. Ngurumo ilipita sokoni, ikafika njia panda. Kushoto ndiko shamba. Ngurumo ikakata kulia, ikapanda mtaa wa wasuka majamvi, ikazimika.

"Nyumba ipi?" aliuliza Mwanakheri. "Leo pia mtaniambia habari za vitunguu?"

Kitwana aliinamia spana zake. Mama muuza chai wa mlangoni pa karakana akamwagia maji jiko lake, makaa yakalia, akaanza kujifunga kanga kiunoni. "Twende, nikuonyeshe mlango."