Huruma kwa Bi Kisirani

Siku Bi Kisirani alipomwaga kiganja kizima cha chumvi katika chungu cha mke wa mwanawe, simu ya studio iliita mara arobaini na moja. Wote waliopiga waliuliza jambo moja: bibi wa watu atapelekwa lini kupimwa macho?

Mwandishi wa mchezo alizisoma salamu hizo kwenye vikaratasi vya mapokezi, akazikunja, akazisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kisha akakaa kuandika kipindi kingine.

Jina lenyewe alilichagua ili mtu yeyote asikosee. Ulikuwa mchezo wa redio, kila Alhamisi saa kumi alasiri, wa mama anayemtesa mke wa mwanawe wa pekee. Mama ndiye mbaya. Mke ndiye wa kuhurumiwa. Hapakuwa na fumbo.

Lakini msikilizaji ana masikio yake. Bi Kisirani alipoficha ufunguo wa kabati, watu walisema nyumba haiendi bila mtu wa kuangalia mambo. Alipomwambia mkwewe, "Wewe kuni mbichi, moshi tele, moto hakuna," maneno yale yalidariziwa kwenye vitambaa vya meza. Aliposusa chakula cha mkwewe akalala njaa, akina mama wa mtaa fulani walileta studio hotpoti mbili za supu, ikanywewa na fundi mitambo. Msichana aliyeigiza mke alinyimwa nyanya sokoni. Akamwombe radhi mama wa watu kwanza, aliambiwa.

Mwandishi akazidi kukaza. Kila Alhamisi alimwongezea Bi Kisirani ubaya, na kila Ijumaa ubaya ule ulirudi umekuwa huruma.

"Mama, kosa ni lako," mwongozaji alimwambia. Alikuwa bwana mpole, hajui kugomba. "Watu wakimsikia yule, wanasikia mtu anayeogopa kubaki peke yake. Basi."

"Hilo sikuliandika."

"Hukuliandika, lakini limo."

Kwa wiki mbili alilitafuta katika kurasa zake kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Akafuta kila mahali Bi Kisirani alipoguna. Haikusaidia kitu.

Kikaja kipindi cha kufukuzwa mke. Mwana yuko safarini. Bi Kisirani anamtoa mkwe nje, mtoto wa miezi minane mgongoni, anamtupia sanduku, anafunga komeo. Mwana akirudi ataambiwa mkewe katoroka na mwanamume.

Mwongozaji alimaliza kusoma, akashusha karatasi. "Haya yalitendeka kweli?"

"Yalitendeka. Nilikuwepo."

"Pole sana, mama." Alitafuta la kuongeza. "Na huyo mwanamke bado yu hai?"

"Yu hai. Raha hana, lakini yu hai."

"Ndiyo maana unang'ang'ania hivi?"

"Kuna mtu nataka asikie," alisema mwandishi. "Twende tukarekodi."

Kipindi kilirushwa. Kufika Jumatatu barua zilikuwa zimejaa kapu, na nyingi ziliuliza nani sasa atamtekea maji Bi Kisirani. Mkuu wa kituo, ambaye hakuwa na desturi ya kushuka ngazi, alishuka. Wasikilizaji wameamua, alisema. Kipindi cha mwisho, mke arudi, apige magoti, aombe radhi.

"Hapigi magoti," alisema mwandishi.

"Basi ataandika mwingine. Una mpaka Ijumaa."

Alijaribu. Jumanne alimpigisha magoti yule mke ukurasa mzima, akausoma, akauchana. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi hakula.

Ijumaa asubuhi alikuwa bado ameinamia karatasi tupu, kaupa mlango mgongo, msichana wa mapokezi alipomwingiza mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Tepe ya kupimia nguo ilikuwa ingali shingoni mwake. Mwongozaji, aliyekuwa kando akingoja kurasa, alishusha pumzi, akajiandaa kumsikia mtetezi mwingine wa bibi.

"Nimeacha cherehani yangu ili nije hapa," mwanamke alisema. "Nani anaandika mchezo huu? Yule mama mmempunguzia ubaya mno."

Mwongozaji nusura amkumbatie. "Dada, karibu! Mwaka mzima hatujapata hata mmoja wa kumchukia."

"Sanduku ni kweli. Komeo ni kweli. Nani kawaambia, sijui. Ila mtoto wangu siku ile alikuwa anachemka homa. Niligonga mlango niombe dawa yake tu, ilikuwa mezani. Naye alikuwa hapo hapo nyuma ya mlango, vidole vyake vya miguu naviona kwa chini. Nikagonga mpaka mkono ukavimba. Hakufungua." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mtoto alipona, si kwa hisani yake. Lakini homa hiyo mbona hamkuisema? Mnawaacha watu wamlilie?"

Mwongozaji alizipekua kurasa za kipindi kile. Homa haikuwemo katika mchezo. Haikuwemo hata katika karatasi zilizochanwa.

Kalamu ya mwandishi ilikuwa imesimama zamani. Aliiweka mezani, akavua miwani, akainuka polepole, akageuka. Mwanamke wa tepe alirudi nyuma hatua moja.

Mwandishi alimvutia kiti, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa, mkwe wangu," alisema. "Anza na homa. Hiyo sikuthubutu kuiandika."