Fomu ya Upotevu

Fundi viatu Sadala alifika kwa karani wa tume siku ya mwisho ya kusikiliza watu. Tume ilikuja mjini kuuliza kama haki za binadamu zinafuatwa.

"Kitambulisho, mzee."

"Kiko polisi, binti. Walikichukua siku walipomkamata mwanangu Mashaka. Huu mwezi wa tatu, kila nikienda wananiambia hawamjui. Ndicho nilichokuja kusema."

"Bila kitambulisho husikilizwi. Jaza hii fomu ya upotevu, yule afande mlangoni akugongee muhuri, uingie."

Sadala aligeuka. Afande alikuwa yule yule aliyekitia kitambulisho mfukoni. Afande akampungia mkono.

"Lakini hakijapotea, binti."

"Andika kimepotea."

"Nikiandika kimepotea, huko ndani nitasema nani alikichukua?"

Karani alitazama saa. Nyuma kwenye foleni mtu akapaza sauti, "Babu, andika bwana, tunafia hapa!"

Ndani mwenyekiti aliuliza kama kuna shahidi mwingine. Afande akasogea na muhuri wake, akauchovya kwenye wino.

"Haya mzee wangu, tukusaidie."

Sadala aliinama. Aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye mstari wa kitu kilichopotea, kalamu ilisimama. Kisha akaandika: MASHAKA SADALA, MIAKA KUMI NA TISA.

Akaisogeza fomu mbele ya afande. Muhuri ulibaki hewani, wino ukidondoka mezani.