Chura na Wimbo Uliopigwa Marufuku

Zamani zile wanyama walipokuwa wakishtakiana kwa kila kitu, Chura alitunga wimbo wa kuita mvua. Kasuku aliusikia mara moja tu, akaruka nao mti kwa mti, na kufikia jioni hata fisi walikuwa wakiuimba, tena bila kupatia.

Chura akavimba kwa hasira, akaenda kwa hakimu Kiboko.

"Mheshimiwa, wimbo ni jasho langu! Huyu anaumwaga ovyo kama maji ya kuoshea vyombo!"

"Lakini nimekupatia jina, kaka," Kasuku akajitetea. "Nani alikuwa anakujua?"

Kiboko akapiga miayo, akaamua kwamba asiuimbe yeyote bila ruhusa ya mwenyewe.

Chura akarudi bwawani kifua mbele. Kiangazi kilipoingia, akajifukia topeni, kama ilivyo desturi ya vyura, akalala miezi mitano.

Alipoamka, bwawa lilikuwa limekauka na wimbo wote umemtoka kichwani. Alijaribu kuimba, ikatoka kwikwi tu. Akawauliza fisi, lakini nao walikuwa wameshausahau tangu siku ya hukumu. Akabaki Kasuku, ambaye hasahau kitu.

"Kasuku, ndugu yangu, niimbie japo ubeti mmoja. Nakauka!"

"Siwezi, kaka. Mpaka mwenyewe aruhusu."

"Mwenyewe si ndiye mimi!"

Kasuku akamtazama juu mpaka chini.

"Nyinyi vyura mnafanana. Kama kweli wimbo ni wako, hebu uimbe kidogo nisikie."