Matanga Yasiyoanuliwa

Siku hizi matanga hayaanuliwi mpaka umeme wa marehemu uzimike, na kuuzima kwa makusudi ni kuua. Mtu akifa, sauti yake huzungushwa kwa umeme ndani ya kijiwe, jiwe dogo lililotiwa baridi kali. Zamani vijiwe vilichoka vyenyewe. Matanga yakaanuliwa, mjane akaoga, akajifukiza udi, akarudi kitandani kwake.

Lakini mapenzi ya watoto nayo yana balaa yake. Twalibu alimnunulia marehemu baba yake kijiwe kipya, chembamba, tabaka juu ya tabaka, ambacho umeme wake haupungui abadani.

Mama yake, Bi Mwanakheri, bado yumo matangani, analala mkekani. Leo, nyumba ilipokuwa tupu, alifungua kisanduku cha baridi akakikwaruza kijiwe kwa ncha ya kisu. Sauti ya mumewe haikukatika. "Mwanakheri, mbona chai haina iliki?"

Jioni Twalibu aliuona mkwaruzo, akadhani ni bahati mbaya.

"Usijali, mama. Umeme huu hupita ukingoni. Ukiukata hapa, unazungukia pale. Baba haendi popote."

"Alhamdulillahi," akajibu Bi Mwanakheri.

Twalibu akamshika mkono, machozi yakimlengalenga. "Na kijiwe chako tumeshakiagiza."