Betri za Rimoti

Fundi alirusha ngumi ya kulia. Kwenye runinga, bondia wake alisimama tu kama gogo, akala kichapo mpaka akalala chini.

"Mashine imegoma tena," mkewe alisema kutoka jikoni. "Pumzika, baba."

Gemu hiyo ya ngumi ndiyo ilikuwa dawa yake. Tangu aanguke kutoka kwenye paa alilokuwa akilichomelea vyuma, akaumia kichwa, upande wa kulia wa mwili ulikuwa umelegea, na miaka mingi ya ndoa yake ilikuwa imemfutika akilini. Tabibu wa mazoezi alimpa mashine aende nayo nyumbani. Unashika rimoti, unarusha ngumi hewani, bondia wa kwenye runinga anakuiga.

"Ubongo unajifunza upya kuuamrisha mkono," tabibu alimwambia. "Cheza kila siku."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Fundi alipigwa na kila bondia, hata yule kibonge wa kwanza, na binti yake alicheka mpaka machozi. Mkewe alimlisha supu kwa kijiko, wakataniana kama wachumba. Siku moja Fundi alimuuliza mkewe, "Hivi kabla sijaanguka, tulikuwa tunaishije?"

"Kama watu wengine," alijibu, akamfuta kidevu.

Kisha mkono ukaanza kutii. Siku alipomwangusha kibonge, Fundi alipiga kelele za furaha. Alipogeuka ashangiliwe, binti alikuwa ameshatoka sebuleni. Baada ya hapo mashine ikawa na maradhi yasiyoisha: leo waya, kesho umeme, keshokutwa rimoti.

Dada yake Fundi alipokuja kuwatembelea, alifungua ndoo ya unga akitaka kupika, akaibuka na betri za rimoti zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akazimwaga mezani mbele ya wote.

"Wifi, hizi nazo zilikuwa zinatafuta nini kwenye unga?"

Binti alisimama mlangoni, akiuma kidole.

"Kaka yangu anahangaika apone, wewe unamfichia betri! Una mwanamume mwingine, nini?"

"Sina mtu," mkewe Fundi alisema taratibu. "Mimi hivi alivyo ananitosha."

Fundi alimgeukia mkewe. Huyu ndiye aliyekuwa akimvisha shati, akimshika kiuno kwenda msalani, akimwambia atapona tu. Kumbe kila asubuhi alikuwa akimdanganya macho makavu. Angekuwa mtu baki, angemeza. Lakini huyu walilala kitanda kimoja.

"Nimekukosea nini?" aliuliza. "Niambie, mke wangu. Nimekukosea nini mimi?"

Mkewe alimtazama. Akarudi nyuma hatua moja.

Hasira zikampanda. Akainuka bila fimbo yake ya kutembelea, akamsogelea.

"Si nimekuuliza? Sema!"

Mkono wa kulia uliinuka wenyewe, juu kuliko ulivyowahi kufika kwenye gemu. Kabla hata yeye hajaushangaa, mkewe alikuwa ameshajiziba uso, na binti yao ameshaingia chini ya meza, haraka, kimya, kama zamani.